Kutoka glukosi kwenda galaktosi: mwongozo kamili wa kufichua sumu ya mitokondria kwa seli za HepG2

Kila msimu wa tasnifu hapa Bukavu swali ni lilelile: "Seli zangu ziko kwenye galaktosi, nimezipa rotenoni, sumu ya mitokondria, mbona hazifi?" Wengine wana shida ya upande wa pili: seli zimekufa zote kabla hata dawa haijawekwa. Mara nyingi galaktosi yenyewe haina kosa. Kwa wale wa kwanza (wa pili tutawafikia Hatua ya 4), glukosi imebaki mahali fulani, ndani ya serumu, ndani ya tripsini au katika matone yaliyoachwa chini ya chupa, na seli zinaendelea kuila. Hatua nyingi hapa chini ni za kuitoa.

Kwa nini sukari inabadilisha jibu

HepG2 ni seli za saratani ya ini. Zikikaa kwenye glukosi ya milimola 25, kama ilivyo kwenye DMEM ya kawaida (midia, yaani maji ya lishe ya kukuzia seli), hupata sehemu kubwa ya ATP yao (molekuli ya nishati) kwa glikolisisi, yaani kwa kuvunja glukosi nje ya mitokondria, viwanda vya nishati vya seli. Ukizipa sumu inayofunga mitokondria, huongeza tu kasi ya kuvunja glukosi. Kila molekuli moja huzipa ATP mbili, wakati mitokondria ingetoa karibu 30, lakini sukari ni nyingi na seli zinaishi. Mwenye jenereta inayowaka usiku na mchana hawezi kukwambia umeme ulikatika saa ngapi.

Galaktosi huizima jenereta hiyo. Kabla ya kuingia kwenye glikolisisi lazima ipitie vimeng'enya vya njia ya Leloir, na njia hiyo huenda polepole mno kuilisha seli. Seli hulazimika kuunguza glutamini (asidi amino iliyomo kwenye midia) ndani ya mitokondria. Sasa sumu ya mitokondria haina pa kujificha.

Nimeulizwa pia kama sukari ya dukani inafaa. Haifai. Ile ni sukrosi. Mwilini hukatwa vipande na utumbo, na seli zako za chupani hazina utumbo. Manosi nayo huingia kwenye glikolisisi kirahisi, kwa hiyo haitafichua kitu. Fruktosi hutegemea vimeng'enya ambavyo wingi wake hutofautiana sana kati ya seli na seli. Baki na galaktosi.

Vifaa

Hakikisha vyote viko mezani kabla ya kuyeyusha seli:

- DMEM isiyo na glukosi. Soma lebo: je, ina glutamini? Ina piruvati?
- D-galaktosi ya daraja la kukuzia seli. Nyingine hutengenezwa kwa kukata laktosi, na laktosi ikikatwa hutoa glukosi pia. Cheti cha usafi kionyeshe glukosi chini ya asilimia 0.1.
- D-glukosi kavu, au ile yenye maji ndani ya fuwele. Uzito wake si sawa, tutaona.
- Serumu ya ndama iliyopitishwa kwenye utando unaotoa molekuli ndogo (dayalisisi).
- Glutamini ya milimola 200 na piruvati ya milimola 100.
- PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) tupu, isiyo na glukosi wala piruvati.
- Tripsini pamoja na EDTA, za kung'olea seli.
- Rotenoni na DMSO (kiyeyushi chake).
- Chujio la mikromita 0.22, sahani za visima 96, chemba ya Neubauer ya kuhesabia seli, tripani bluu ya asilimia 0.4 (hutia rangi seli zilizokufa).
- Kipimo cha ATP kinachotoa mwanga, pamoja na mashine ya kuusoma.

Serumu ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu iliyosafishwa ni ghali na lazima ifike ikiwa imeganda, mara nyingi kupitia Kigali na mpaka wa Ruzizi. Anayetumia ya kawaida ajue anachopoteza: damu ya ndama ina glukosi yake, na serumu ya asilimia 10 inaweza kuingiza karibu milimola 0.5 kwenye midia. Ni kidogo, ila inatosha kuzipa seli pumzi kwa saa kadhaa. Ikiwa huna njia nyingine, shuka hadi asilimia 5 katika midia zote mbili, ya glukosi na ya galaktosi, na uandike hivyo kwenye tasnifu.

Hatua ya 1: Hakikisha seli ni zako peke yako

Mikoplasma, bakteria wadogo mno, haionekani kwa hadubini ya kawaida na haitii midia ukungu. Aina nyingine huchachusha sukari, nyingine hula arijinini, na zote huvuruga umetaboli unaotaka kuupima. Fanya PCR, au tia rangi ya DNA na utafute vidoti nje ya kiini cha seli. Kama zipo, tupa chupa. Baadhi ya dawa za kuua mikoplasma ni za jamii ya tetrasaiklini, na hizo huzuia mitokondria kutengeneza protini zake. Kwa sababu hiyohiyo usitie doksisaiklini wala kloramfenikoli kwenye midia ya jaribio hili.

Seli ziko tayari zikiwa zimefunika asilimia 70 hadi 80 ya chupa na tripani bluu ikionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ni hai.

Hatua ya 2: Tengeneza akiba za sukari

Lengo ni myeyusho wa mola 1 kwa kila sukari.

Galaktosi: gramu 18.0, ongeza maji safi hadi ifike mililita 100.
Glukosi kavu: gramu 18.0 kwa mililita 100. Kama lebo inasema ina molekuli moja ya maji, pima gramu 19.8. Ukipima 18 za hiyo, glukosi yako itapungua kwa karibu asilimia 9, na hutajua kwa nini namba hazilingani.

Chuja kwa 0.22, gawa kwenye vichupa vidogo, hifadhi kwenye frigo. Usiipike sukari kwenye otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu): joto huibadilisha rangi na kuzaa vitu ambavyo hukuvikusudia.

Maadam tumeitaja otoklevu: hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Chombo kinachodhibitiwa kwa geji ya shinikizo peke yake, kikisimama kwenye pauni 15 kwa inchi mraba, ndani joto huishia karibu nyuzi 118 au 119, halifiki 121. Unahitaji pauni 17 hivi, ikiwa tu chombo chenyewe kimeruhusiwa kufika hapo. Kama hakijaruhusiwa, ongeza muda. Mashine zinazofuata kipimajoto hazina tatizo hili.

Hatua ya 3: Rekebisha inkubeta kwa mwinuko wetu

DMEM hushika pH yake kwa mizani kati ya bikaboneti na hewa ya CO2, na kinachohesabika ni shinikizo la CO2. Asilimia iliyoandikwa kwenye kioo ni njia tu ya kulifikia. Usawa wa bahari, asilimia 5 ya milimita 760 za zebaki ni 38. Bukavu hewa ina karibu milimita 640, na asilimia 5 yake ni 32 tu. Midia hupanda pH kwa takriban 0.07. Kufika 38 unahitaji karibu asilimia 6. Goma ni vilevile. Lubumbashi, iliyo karibu mita 1,200, tofauti ni ndogo kidogo.

Usibadilishe namba kwa kuniamini mimi. Mashine nyingine hujirekebisha zenyewe. Weka midia isiyo na seli ndani usiku mzima, chupa ikiwa imelegezwa kifuniko, kisha pima pH haraka mara unapoitoa. Unatafuta 7.2 hadi 7.4.

Hatua ya 4: Changanya midia mbili

Kwa kila mililita 500:

- DMEM isiyo na glukosi: mililita 430
- Serumu iliyosafishwa: mililita 50
- Glutamini: mililita 10 (inakuwa milimola 4)
- Piruvati: mililita 5 (inakuwa milimola 1)
- Akiba ya sukari: mililita 5 (inakuwa milimola 10)

Kama DMEM yako tayari ina glutamini au piruvati, usiongeze tena. Jaza nafasi hiyo kwa DMEM.

Chupa moja inapata glukosi, nyingine galaktosi. Hakuna kingine kinachotofautiana. Wengi hulinganisha galaktosi ya milimola 10 na DMEM ya dukani yenye 25, na hapo sukari imebadilika na mkandamizo wa osmosi pia. Ukilazimika kubaki na 25, weka manitoli ya milimola 15 upande wa galaktosi.

Glutamini ndiyo chakula halisi cha seli zako upande wa galaktosi, na huoza yenyewe ikikaa. Chupa iliyokaa frigoni zaidi ya mwezi usiiamini. Seli zinazokufa kwenye galaktosi kabla ya dawa, mara nyingi ziko kwenye glutamini iliyozeeka.

Andika sukari kwenye ubavu wa chupa, siyo kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Hatua ya 5: Osha

Hapa ndipo jaribio linapofia, kwa hiyo nitapiga hesabu mbele yako.

Umemwaga midia ya glukosi 25 kutoka kwenye chupa, yakabaki mabaki ya nusu mililita. Ukimimina moja kwa moja mililita 10 za midia ya galaktosi, glukosi ni karibu milimola 1.2. Hiyo ni karibu robo ya sukari ya damu ya mtu aliyefunga. Osha mara moja kwa PBS mililita 10, unashuka hadi karibu 0.06. Osha mara ya pili, uko 0.003. Kuosha mara mbili ni lazima.

Kwenye visima vya sahani hali ni mbaya zaidi. Mikrolita 20 zilizobaki chini ya kisima, ukiongeza 100 za galaktosi, zinakuachia glukosi ya milimola 4. Hilo si jaribio la galaktosi tena. Ndiyo maana nashauri seli zihamishwe zikiwa kwenye chupa, na sahani ipokee seli zilizokwisha kuzoea.

Soma lebo ya maji ya kuoshea. PBS nyingine zimetiwa glukosi na piruvati, na HBSS, maji mengine ya chumvi, ina gramu 1 ya glukosi kwa lita. Tripsini nyingi zimeyeyushwa ndani ya HBSS. Baada ya tripsini, zungusha seli kwenye mashine ya kutenganisha, mwaga maji ya juu, kisha tawanya seli kwenye midia mpya. Usiishie kuipunguza tripsini nguvu kwa serumu na kuendelea.

Hatua ya 6: Zipe muda, na usome rangi

Zikuze siku tatu hadi saba, ukibadilisha midia kila siku mbili. Siku ya kwanza baadhi zitang'oka. Zilizobaki zitagawanyika polepole kuliko ndugu zao wa glukosi, usiogope.

Fenoli nyekundu iliyomo ndani ya midia, rangi inayobadilika kwa asidi, itakupa jibu bure. Upande wa glukosi, seli hutoa asidi ya laktiki nyingi na midia huelekea rangi ya chungwa, kisha njano. Upande wa galaktosi hubaki nyekundu, hata seli zikiwa nyingi.

Galaktosi yako ikigeuka njano, kuna mambo mawili: glukosi inavuja kutoka mahali fulani, au una bakteria. Angalia kwa hadubini kabla ya kujilaumu.

Wengine hutumia kipimo cha sukari cha wagonjwa wa kisukari kukagua midia. Si wazo baya, ila angalia aina ya kijiti. Vijiti vya kimeng'enya cha GDH-PQQ husoma galaktosi kana kwamba ni glukosi, na vitakutia hofu ya bure. Vya glukosi oksidesi haviichanganyi. Hata hivyo vimetengenezewa damu: tumia namba zake kulinganisha midia na midia, usiziandike kama vipimo.

Hatua ya 7: Panda sahani

Hesabu kwa Neubauer: wastani wa seli katika mraba mmoja mkubwa, mara kiwango ulichopunguza, mara 10,000, ni idadi kwa mililita. Panda seli hai 20,000 kwa kisima, ndani ya mikrolita 100, yaani 200,000 kwa mililita. HepG2 hupenda kushikana mafundo. Zipitishe kwenye pipeti taratibu mara kadhaa au hesabu yako itakuwa ya kubahatisha.

Kinachotakiwa kulingana ni idadi ya seli siku ya kuweka dawa. Upande wa galaktosi ukichelewa kukua, panda zaidi kidogo upande huo.

Visima vya pembezoni hukauka haraka. Vijaze PBS na usivitumie. Acha sahani usiku mzima.

Hatua ya 8: Weka dawa na vidhibiti

Kila sukari ipate visima vya aina nne: midia peke yake bila seli, seli na DMSO tu, seli na rotenoni, seli na kitu unachopima. Angalau visima vitatu kwa kila kipimo. DMSO iwe sawa kote na isizidi asilimia 0.5.

Rotenoni hufunga kompleksi ya kwanza ya mnyororo wa elektroni ndani ya mitokondria. Anza na mikromola 1, shuka mara kumi kumi hadi 0.001. Usipande juu sana kwa matumaini ya picha nzuri: vipimo vikubwa huvuruga pia mikrotubuli (nyuzi za kiunzi cha seli), na hapo seli za glukosi nazo zitaumia kwa sababu isiyohusu mitokondria. Myeyusho uufunike kwa karatasi ya alumini. Mwanga na hewa huuharibu.

Kuna aliyependekeza kutumia majani ya Tefrosia, yale ya kulevya samaki, badala ya kununua rotenoni. Ni kweli yana rotenoni na jamaa zake. Lakini kiasi chake hubadilika toka mti hadi mti, na kidhibiti usichokijua kipimo chake hakidhibiti kitu.

Wanaopima miti shamba, hii ni yenu. Maji yaliyochemshiwa majani au mizizi yana sukari za mmea, glukosi ikiwemo. Ukiongeza kipimo, unaongeza sumu na chakula kwa pamoja, na mchoro utaonyesha kwamba dozi kubwa ni salama kuliko ndogo. Pima glukosi ya dondoo lenyewe kabla ya kuanza. Ikiwa ipo, tumia dondoo la kiyeyushi kisichobeba sukari kirahisi, au weka kidhibiti chenye glukosi ya kiasi hichohicho bila mmea.

Acha saa 24.

Umeme ukikatika

Weka sahani zote mbili rafu moja, ili zipate shida sawa. HEPES ya milimola 20 ndani ya midia zote husaidia kushika pH CO2 inapokwisha. Kaza vifuniko vya chupa, usifungue mlango wa inkubeta kuchungulia. Andika saa ya kukatika na ya kurudi. Joto likishuka chini ya nyuzi 30 kwa muda mrefu wakati dawa iko ndani, rudia jaribio. Hakuna hesabu itakayoliokoa.

Hatua ya 9: Pima

Pima ATP. Najua MTT, kipimo cha rangi, ni rahisi na kemikali yake inapatikana, lakini MTT hupima uwezo wa seli kupeleka elektroni, na sukari yenyewe huubadilisha. Unaweza kupata tofauti kati ya glukosi na galaktosi bila seli hata moja kufa. Zaidi ya hapo, polifenoli za mimea huigeuza MTT kuwa zambarau zenyewe, bila seli kabisa.

Kama kipimo cha ATP hakipatikani, hesabu seli hai kwa tripani bluu. Inachosha, lakini haidanganyi namna hiyo. Usisahau seli zilizong'oka: zikusanye pamoja na midia, vinginevyo utakuwa unahesabu walionusurika tu.

Hatua ya 10: Soma jibu

Toa usomaji wa visima visivyo na seli, kisha fanya DMSO ya kila sukari kuwa asilimia 100 ya upande wake. Usigawe galaktosi kwa glukosi.

Angalia rotenoni kwanza. Jaribio limefaulu ikiwa ATP ya upande wa galaktosi imeporomoka na ya upande wa glukosi imebaki juu. Pande zote zikibaki juu, rotenoni imeharibika au glukosi imevuja. Rudi Hatua ya 5. Zikishuka zote sawa, kipimo ni kikubwa mno au seli zilikuwa dhaifu toka mwanzo. Rotenoni isipofanya kazi, usitazame hata matokeo ya dawa yako.

Kisha tafuta kipimo kinachopunguza ATP nusu kwa kila sukari. Wengi hukubali sumu ya mitokondria pale kipimo cha upande wa glukosi kinapokuwa mara tatu au zaidi ya kile cha galaktosi. Vikilingana, dawa inaua kwa njia nyingine, ambayo huenda nayo ni mbaya vilevile.

Kuna sumu ambazo jaribio hili halizioni kwa saa 24. Stavudini, dawa ya VVU iliyotumika sana Afrika kabla ya WHO kushauri mwaka 2009 iachwe hatua kwa hatua, huzuia kunakiliwa kwa DNA ya mitokondria. Hasara yake hujitokeza seli zikiendelea kugawanyika siku nyingi. Nazo dawa zinazoua seli zinapogawanyika zitaonekana laini zaidi upande wa galaktosi, kwa sababu tu seli za huko hugawanyika polepole. Usiandike "salama" kwa kigezo cha sahani moja.

Taka

Midia na sahani za DMSO tupu zitie javeli, sehemu moja kwa tisa, nusu saa, kisha mwaga. Zenye rotenoni zikusanywe kwenye chupa yake yenye lebo na kupelekwa kuchomwa pamoja na taka za kemikali, glavu zikiwemo. Zisipite kwenye sinki: maji yetu machafu huteremka ziwani, na rotenoni ni sumu kali kwa samaki.